Majedwali ya aljebra yaliyolala kwenye tasnifu zetu: tuyapeleke GAP na SageMath

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa waliosoma hisabati chuoni, na wa yeyote anayeandika programu na yuko tayari kukutana na makundi na matriksi. Ni mrefu, vumilieni.

Ingia maktaba ya idara ya hisabati Dar, Nairobi au Kampala, fungua tasnifu za aljebra, nenda kurasa za mwisho. Utakuta majedwali: makundi (groups, yaani seti zenye kanuni ya kuunganisha elementi zake mbili kupata nyingine) ya ukubwa fulani na vikundi vya ndani yake, misimbo ya mstari (linear codes, orodha za maneno ya tarakimu zinazosaidia kugundua na kusahihisha makosa) iliyozaliwa na makundi hayo, na mengine ya aina hiyo. Mtu alikesha akiyahesabu. Tasnifu ikatetewa, ikajalidiwa, ikawekwa rafuni, na jedwali likaishia hapo. Mwenzake wa chuo kingine akilihitaji, analinakili kwa mkono tarakimu moja moja, au anaanza kuhesabu upya kwa sababu hakujua kuna aliyemtangulia. Mimi nasema mahali pa jedwali hilo ni ndani ya programu huria za hisabati, na kulifikisha huko kunawezekana ukiwa na laptopu ya kawaida.

Nitazungumzia zaidi GAP, programu huria ya kuhesabu makundi na aljebra, kwa sababu ndiyo naitumia kila siku. Ilianza mwaka 1986 kule Aachen, Ujerumani, chini ya Joachim Neubüser, na mwaka 1997 alipostaafu uratibu ukahamia St Andrews, Uskoti. Mzee huyo alikuwa na hoja ambayo mimi bado sijaona wa kuijibu. Aliieleza mwaka 1993 kwenye mkutano wa nadharia ya makundi uliofanyika Galway, Ireland: theoremu ya Sylow (moja ya nguzo za nadharia ya makundi) unaisoma maktabani pamoja na uthibitisho wake, hata kitabu hujanunua, halafu unaitumia maisha yako yote bila kumlipa mtu. Iweje programu inayofanya kazi hiyohiyo uilipie leseni kila mara, na ndani usiruhusiwe kuona imefikaje kwenye jibu? Kwetu sisi, ambako bajeti ya idara nzima haifikii leseni za programu moja kubwa, hoja hiyo ina uzito mara mbili.

Sasa data. Hazina maarufu kuliko zote ndani ya GAP ni maktaba ya SmallGroups, kazi ya Hans Ulrich Besche, Bettina Eick na Eamonn O'Brien. Ina makundi yote yenye ukubwa usiozidi 2000, isipokuwa yale ya 1024, bila kurudia yanayofanana kimuundo. Jumla yake ni 423,164,062. Kila kundi lina utambulisho wa namba mbili, ukubwa na nafasi:

```
gap> NrSmallGroups(8);
5
gap> StructureDescription(SmallGroup(8,3));
"D8"
gap> StructureDescription(SmallGroup(8,4));
"Q8"
```

Angalieni hiyo (8,4). Ni kundi la kwaternioni, na makala nyingi duniani zimelitaja kwa namba hiyo tu. Siku mtu akipanga upya orodha ili ipendeze, makala hizo zote zitakuwa zinaongelea kundi jingine. Ndiyo maana data ina masharti ambayo kodi (maandishi ya programu) haina. Kodi unaweza kuifumua wiki ijayo ukaiandika kwa kasi zaidi, mradi majibu ni yaleyale. Namba ya data ikishatoka hadharani haiguswi tena. Ukikuta kitu kimesahauliwa, unakiongeza mwishoni.

Na kwa nini 1024 haimo? Kwa sababu makundi yake ni 49,487,367,289. Hapo ndipo penye kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi. Hesabu ya kwanza ilitoa 49,487,365,422, na namba hiyo ikanukuliwa kwa takriban miaka 20. David Burrell alipoipitia upya akakuta yanapungua 1,867. Waliohesabu mwanzo ni watu makini kupindukia. Lakini njia yao ilikuwa imeelezwa wazi kiasi kwamba mwingine aliweza kuifuata hatua kwa hatua na kuona palipopungua. Jedwali lisilo na njia yake halisahihishiki, hata kama lina kosa moja tu.

Kwa hiyo ukitaka kupeleka data, wahariri watakuuliza kwanza umeipataje. Hawatauliza una cheo gani. Toa skripti iliyoizalisha, hata kama inachukua siku nzima kumaliza. Toa na njia ya pili ya kuihakiki isiyopita barabara ileile: kama umeorodhesha makundi kwa kujenga, yahesabu kwa fomula, kama hakuna fomula, chukua kipande kidogo ukilinganishe na maktaba iliyopo. Kisha umbo la kuhifadhia. Tasnifu nyingi huchapisha jedwali zima la kuzidisha. Kundi la ukubwa 24 linakula visanduku 576, na hakuna binadamu atakayevisoma. GAP hulihifadhi kundi kama hilo kwa namba kamili moja tu, na `PcGroupCode` ikipewa namba hiyo pamoja na ukubwa inalirudisha kundi lenyewe. Faili likiwa kubwa libane kwa gzip. GAP inalisoma hivyohivyo.

Kuhusu kodi nitakuwa mfupi. Fungua GAP, ita `LoadPackage("PackageMaker");` halafu `PackageWizard();`. Itakuuliza maswali machache (jina la pakeji, yaani kifurushi chako cha nyongeza kwa GAP, inafanya nini, waandishi ni nani) na kukutengenezea folda kamili yenye `PackageInfo.g`, sehemu ya kodi, sehemu ya majaribio na sehemu ya mwongozo. Ukishajaza, `ValidatePackageInfo("PackageInfo.g");` itakuambia umesahau nini.

Nawasilisha. Mwenye jedwali lake aseme, tulitazame hapahapa.

#2

Mkuu, nondo nzito. Mimi nafundisha hisabati sekondari, Mbeya. Aljebra ya chuo niliisoma lakini si kwa kina cha kutunga pakeji. Python naijua vizuri. Kuna pa kuingilia kwa mtu kama mimi, au uzi huu ni wa madaktari tu?

#3 (Mleta uzi)

Mwalimu, pa kuingilia papo, tena papana. Nenda SageMath. William Stein aliianzisha mwaka 2005, sehemu kubwa imeandikwa kwa Python, na ndani yake imebeba programu nyingine za hisabati kama GAP, PARI na Singular. Wengi waliopitia AIMS (taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati) wameshaigusa darasani.

Sage ina kanuni moja ninayoiheshimu sana: kila fanksheni lazima iwe na maelezo yenye mifano, na mifano hiyo huendeshwa na kompyuta kama majaribio. Mfano ukisema jibu ni 5 na programu ikatoa 6, badiliko halipiti. Sasa waandishi wa kodi mara nyingi ni watafiti, wanaandika mfano mmoja mkavu anaouelewa mwenzao wa ofisi ya pili. Mwalimu wa sekondari anajua mwanafunzi anakwama wapi. Chukua fanksheni moja ya polinomia au matriksi, soma maelezo yake kama mwanafunzi wako angeyasoma, ongeza mfano unaofungua macho, endesha `sage -t` kwenye faili hilo, kisha peleka ombi la kuunganisha (pull request) kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kukagua kodi. Tangu mwaka 2023 kazi yote ya Sage iko huko. Atakuja mtu kukukagua. Atasema hapa weka nafasi, pale sentensi ndefu, badilisha jina hili. Usivunjike moyo, hata wakongwe wanakaguliwa vivyo hivyo.

Tahadhari: kuijenga Sage nzima kutoka kwenye kodi ghafi kwenye laptopu ya kawaida ni kazi ya saa nyingi. Anza na conda, inayokupakulia Sage ikiwa imeshajengwa. Na kama mashine yako ni Windows, weka WSL kwanza, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

Kuna pia OEIS, ile kamusi ya mfuatano wa namba. Mfuatano wake wa kwanza kabisa, A000001, ni idadi ya makundi ya kila ukubwa: 1, 1, 1, 2, 1, 2, 1, 5 na kuendelea. Huko unaweza kuchangia neno moja la mfuatano, au kipande cha kodi kinachouzalisha, bila kujenga programu yoyote.

#4

Habari zenu. Niko Nairobi, nilimaliza uzamili kwenye misimbo ya mstari inayotokana na makundi ya primitivu. Yaani unachukua kundi, unalifanya litende juu ya seti, unajenga matriksi, na safu zake zinakuzalia msimbo juu ya uga (field, mfumo wa namba) wa elementi 2 au 3. Nina matriksi za kuzalisha kwenye flashi, na jedwali la urefu, dimensheni na umbali wa chini liko kwenye tasnifu. Nilihesabu nyingine kwa Magma ya chuo, programu ya aljebra ya leseni, ambayo sasa sina. Nitaanzia wapi mleta uzi? Na hizi data ni zangu, ni za msimamizi wangu, au ni za chuo? Hilo ndilo linanisumbua zaidi.

#5 (Mleta uzi)

Dada yangu, hiki ndicho nilichokuwa natafuta. Nianze na hesabu kisha nirudi kwenye umiliki.

GAP ina pakeji ya misimbo inaitwa GUAVA, na makundi ya primitivu yenyewe yako kwenye PrimGrp. Kwa hiyo malighafi zako zote ziko ndani tayari. Usipeleke matriksi peke yake. Matriksi moja ya kuzalisha ni njia mojawapo tu kati ya nyingi za kuandika msimbo uleule. Ukizichanganya safu zake msimbo haubadiliki, lakini faili linaonekana tofauti kabisa. Ipunguze kila matriksi hadi umbo la ngazi lililopunguzwa (reduced row echelon form) kabla ya kuhifadhi, ili mtu mwingine akihesabu kwa mashine yake apate herufi kwa herufi ulichonacho. Vilevile usiandike tu "kundi namba fulani la digrii fulani". Andika na vizalishi vyake, vile vibadilishi (permutations) vyenyewe vinavyolijenga kundi. Msomaji wa baadaye asitegemee orodha ya mtu mwingine ili aelewe yako.

Kisha majaribio. Faili la `.tst` la GAP ni kama mazungumzo yako na kompyuta yaliyonakiliwa, na jibu lazima lilingane na lililoandikwa. Anza na kitu ambacho dunia nzima inakijua, ili mkaguzi aone vifaa vyako viko sawa:

```
gap> LoadPackage("guava");;
gap> C := ExtendedBinaryGolayCode();;
gap> WeightDistribution(C)[9];
759
```

Huo ni msimbo wa Golay wenye urefu 24, dimensheni 12, umbali 8. Uzito wa neno ni idadi ya tarakimu zake zisizo sufuri. Nafasi ya 9 kwa sababu orodha inaanza na uzito 0. Maneno yenye uzito 8 ni 759, ya uzito 12 ni 2576, ya uzito 16 ni 759 tena, na ukijumlisha na mawili ya mwisho (sufuri tupu na moja tupu) unapata 4096, yaani 2 kwa kipeo cha 12. Ona jinsi jumla hiyo inavyokulinda: uzito mmoja ukikosewa, hesabu haifungi. Kwa kila msimbo wako fanya hivyo. Hifadhi mgawanyo mzima wa uzito, si umbali wa chini peke yake, kisha andika jaribio linalojumlisha na kulinganisha na ukubwa wa msimbo. Kwa ile midogo ongeza ukubwa wa kundi la otomofizimu, yaani mipangilio ya nafasi inayouacha msimbo vilevile. Kwa Golay ni kundi la Mathieu M24, lenye elementi 244,823,040.

Ulivyohesabu kwa Magma usivitupe. Vigeuze viwe uhakiki wako wa pili: hesabu upya kwa GAP yale yanayowezekana, linganisha, na useme wazi kwenye mwongozo ni yapi yamepita njia zote mbili na ni yapi yamepita moja. Msomaji atakuamini zaidi ukimwonyesha mpaka ulipo.

Umiliki: andika barua pepe mbili kabla hujapakia chochote. Moja kwa msimamizi, ukipendekeza jina lake liwe kwenye orodha ya waandishi kama kweli alichangia wazo la ujenzi, na umwombe akubali kwa maandishi. Nyingine kwa ofisi ya utafiti ya chuo, ukiuliza sera yao ya matokeo ya tasnifu. Mara nyingi watakuruhusu, lakini ni heri kuwa na maandishi. Halafu weka leseni. GAP yenyewe iko chini ya GPL toleo la 2 au la baadaye, na ukiandika `GPL-2.0-or-later` kwenye sehemu ya leseni ya `PackageInfo.g` hutapata usumbufu. Data iliyowekwa mtandaoni bila leseni ni mtego: kila mtu anaiona, hakuna anayethubutu kuisambaza.

#6

Nasoma kwa makini, lakini niwe mkweli wakuu. Kamati ya kupandisha vyeo chuoni kwangu inahesabu makala kwenye majarida. Mtu akitumia mwaka mzima kutengeneza pakeji, mwenzake katoa makala tatu na kapanda cheo. Isitoshe, wanaozitumia pakeji hizo wengi wako Ulaya na Marekani. Sisi tunajaza ghala la wengine?

#7 (Mleta uzi)

Swali la haki kabisa, Dokta.

Kuhusu kamati: GAP ina utaratibu wa kupeleka pakeji ikaguliwe na wataalamu wasiotajwa majina, kama makala. Ikipita, hadhi yake ndani ya `PackageInfo.g` inaandikwa kuwa imekubaliwa, pamoja na jina la mhariri aliyeiwasilisha na tarehe. Chapisha ukurasa huo uuambatanishe. Zaidi ya hapo lipo JOSS, jarida la programu huria za kisayansi lililoanza mwaka 2016. Halitozi mwandishi wala msomaji, na ukaguzi wake wote unafanyika hadharani. Linataka programu yenye kazi ya kutosha ndani yake. Jedwali tupu halitoshi. Kwa jedwali tupu tumia Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN, itakupa DOI, namba ya kudumu ya kunukuliwa. Kwa hiyo kazi moja inakupa makala iliyokaguliwa na data inayonukulika. Kamati bado italalamika? Baadhi zitalalamika. Hilo ni la kupigania kwenye vikao vya idara, na nyinyi mlio na uzamivu ndio mnaokaa kwenye vikao hivyo.

Kuhusu ghala la wengine, hapo sikubaliani nawe kabisa. GAP ninayoiweka kwenye kompyuta za maabara hapa ni ileile iliyopo St Andrews, neno kwa neno. Hakuna toleo la maskini. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu anaandika `SmallGroup(512, 1000)` na kulipata kundi moja kati ya 10,494,213 ya ukubwa huo, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Tumekuwa tukichota kwenye ghala hilo tangu tulipojua kuwasha kompyuta. Jedwali la dada wa Nairobi likiingia, atakayelihitaji Makerere au Kigali atalipata kwa njia hiyohiyo. Leo hii halipati kwa njia yoyote.

#8

Mimi swali langu ni la bando. Nikipakua GAP na pakeji zake zote inakula mamia ya megabaiti. Hostel intaneti ni ya kubahatisha. Kuna njia nyepesi?

#9 (Mleta uzi)

Ipo, mdogo wangu. Tumia `git clone --depth 1` ili upate hali ya sasa bila historia yote ya miaka. Ukishaingia kwenye folda: `./autogen.sh`, `./configure`, `make`, halafu `make bootstrap-pkg-minimal`. Hiyo ya mwisho inaleta pakeji chache zile za lazima tu. GAP yenyewe inajengeka kwa dakika, si kwa saa kama Sage. Pakeji nyingine ongeza moja moja unapoihitaji.

Majaribio mazito usiyaendeshe kwako. Ukipakia kazi GitHub, mashine za huko ndizo zinazojenga GAP, zinaendesha majaribio yako na kukuonyesha alama ya kijani au nyekundu. Wewe unapakia maandishi ya kilobaiti chache. Na pakeji inayoitwa Example imewekwa makusudi watu wainakili. Fungua folda yake uone kila faili linakaa wapi.

#10

Ni mimi wa Nairobi. Nimeweka GAP na GUAVA, 759 imetoka. Barua kwa msimamizi nimetuma jana na amenijibu kwamba anakubali, ila anataka misimbo ile ya juu ya uga wa 3 ikaguliwe upya kabla jina lake halijawekwa. Je, niisubiri yote ikamilike ndipo nitengeneze pakeji, au nianze na ile ya uga wa 2?

#11 (Mleta uzi)

Hongera sana, na msimamizi wako ana haki kabisa. Anza na uga wa 2, toleo 0.1, hadharani. Kila msimbo uupe namba leo, na namba za uga wa 3 zianzie kwenye orodha yake ya pekee ili zikija zisisukume hizi. Mgawanyo wa uzito kwa uga wa 3 utakuwa na hundi ya ziada: ukiacha neno sufuri, idadi ya maneno ya kila uzito lazima igawanyike kwa 2, kwa sababu neno likizidishwa kwa 2 linakuwa jingine lenye uzito uleule. Endesha hiyo kwanza kwenye matokeo ya Magma uliyonayo kwenye flashi, kabla hujahesabu upya chochote. Ukipata isiyogawanyika, ilete hapa na matriksi yake tuifungue pamoja.